Mahali pa Kumpisha Mkwe

Shule niliacha darasa la tatu, na sioni haya kuandika. Kalamu ni kama panga, ukiishika kila siku mkono unazoea. Nyinyi mliobaki kwenye kazi ya msitu mmeniuliza mara nyingi ile njia ya mbao ya mto Isiukhu ilianzaje, hasa zile sehemu pana mnazoziita "kando" bila kujua jina limetoka wapi. Mmoja wenu alitaka kujua kama tuliziweka ili wageni wapate mahali pa kupigia picha. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa na chai mdomoni na sikutaka kuitema. Sasa nimestaafu, chai ninayo na siku ninazo. Vyeo na mishahara tuviache. Kila mtu alipata chake na kila mtu alinung'unika.

Niliandikwa kazi miaka ile ya miwa. Asiyeiona hawezi kuelezwa akaelewa. Kuanzia Mumias mpaka juu Matete, mtu alikuwa akiamka anaona miwa, analala anaona miwa. Watu waling'oa migomba, waling'oa mihogo, na jirani yangu mmoja alipanda miwa mpaka mlangoni, mke wake akawa anaingia nyumbani kwake ubavu. Vijana wenye nguvu wote walikwenda kukata na kupakia. Mimi nilikwenda msituni kwa sababu sikupenda kazi ya kukimbizwa na trekta. Wenzangu wakasema nimeenda kuchunga tumbili. Niliwaacha waseme. Tumbili hawapinduki kama trela.

Siku ya kwanza nilifika na panga nimelinoa usiku mzima. Nyapara wetu, Mzee Ambani, alilitazama, akaniambia niliweke chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyefanya kazi ya barabara tangu enzi za wakoloni, na katika miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kunisifu. Alinipeleka kwenye bonde la mto, pale msitu unapokuwa tambarare na udongo mweusi, akaniambia nitazame matawi. Nikaona nyasi kavu, vijiti na magunzi ya mahindi yamenasa kwenye matawi usawa wa kifua changu. Akaniuliza nani ameyaweka pale. Nikasema ndege.

"Ndege gani huyo anajenga kwa kipimo kimoja msitu mzima?" akaniuliza.

Akasema huo ndio mto. Siku ukikasirika unapanda mpaka hapo, na ukirudi nyumbani unaacha alama ili mjinga asije kusema hakuambiwa. Siku hiyo nzima sikukata hata jani. Nilizunguka nikitazama takataka zilizonasa juu ya miti, nikarudi nyumbani na panga kali na shingo inayouma. Lakini mpaka leo nikiingia bonde lolote, macho yanapanda yenyewe kutafuta alama ya maji. Nanyi fanyeni hivyo kabla ya kuchimba shimo hata moja.

Jambo la pili alilonifundisha ni chupa. Mzee Ambani hakuwa na pimamaji ya dukani. Alikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi iliyonyooka ubavu, ameijaza maji na kuacha pumzi kidogo, akaifunga kwa nta. Unailaza juu ya ubao, na pumzi ikikimbilia upande huu unajua upande huo ndio wa juu. Aliponiachia kazi aliniachia na chupa. Bado iko stoo, kwenye kile kikopo cha misumari. Mkiivunja, basi itabidi mmoja wenu akohoe.

Sasa niingie kwenye njia yenyewe. Juu ya mteremko, pale msitu unapoishia, palikuwa na nyumba ya Masista. Waliweka watu ambao miguu yao haifanyi kazi. Siku zile tulisema vilema tu, bila kuzunguka. Siku hizi mna maneno mazuri zaidi na ngazi zilezile. Zamani nyumba ile ilikuwa na watoto wa polio peke yake. Miwa ilipokuja ikaanza kupokea wanaume wazima: waliokanyagwa na trekta, walioangukiwa na mizigo, waliopinduka na trela. Sista mkubwa aliitwa Benedeta, mtu wa Machakos, mfupi, mwenye mwendo wa kuwahi kitu. Alimwendea Bwana Misitu wetu akamwambia watu wake wanakaa mwaka mzima wakisikia ndege wasiowaona. Anataka njia ya viti vya magurudumu, itoke getini kwake, ishuke, ikate bonde lote mpaka ukingo wa mto. Bwana Misitu akatuita. Mzee Ambani alikuwa ameshaacha kazi, kwa hiyo nyapara ni mimi.

Mteremko haukutusumbua. Tuliuzungusha mara tatu badala ya kuunyoosha, tukashindilia moramu, ule udongo mwekundu wa barabara. Taabu ilikuwa bondeni. Pale ardhi haisimami. Kiangazi ni sakafu, masika ni uji. Kwa hiyo tulisimamisha nguzo za mikaratusi, tukazipaka oili chafu ya trekta kwa ajili ya mchwa, jambo ambalo siku hizi mnakatazwa, na mnakatazwa kwa haki. Juu ya nguzo tukapiga mbao, juu ya alama ya maji kwa shibiri moja. Mto upite chini, watu wapite juu, kila mtu na njia yake.

Tulizipiga mbao kwa urefu, kufuata njia inavyokwenda. Zilipendeza macho. Siku ya kujaribu, Sista alituletea mtu wake mmoja aseme kama zinafaa. Aliitwa Amukoya. Alikuwa mpakiaji wa miwa, kijana wa mabega mapana. Siku moja alikaa juu ya mzigo kama wote walivyokuwa wakifanya, trela ikapinduka kwenye kona, na tangu hapo kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na habari. Pale kwa Masista alijifunza kushona viatu. Alipenda kusema yeye ndiye fundi pekee wa Kakamega ambaye viatu vyake haviishi.

Amukoya alisogea hatua chache juu ya mbao zetu, gurudumu dogo la mbele likaingia kwenye ufa kati ya mbao mbili, akasimama papo hapo kama punda. Alitazama ufa, akatutazama sisi.

"Nyinyi mmejenga na miguu," akasema. "Jengeni na matairi."

Nilikasirika. Nilikuwa nimezipima kwa chupa, mbao moja baada ya nyingine. Lakini ufa ulikuwa ufa. Tulizing'oa zote tukazipiga kwa upana, kukingama njia, na kutoka siku hiyo nikamwomba Sista atuachie Amukoya awe anakuja kila kipande kikiisha. Alikuja. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Akisema hapa panateleza, panateleza.

Kwa ajili ya kuteleza tulifanya ujinga mmoja ambao ni wa watu wa miwa tu. Kila mtu wakati ule alijua molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, inashika vumbi, barabara za mashambani zilimwagiwa. Dereva mmoja wa kiwanda akatuletea pipa, tukapaka mbao zote kwa ufagio, tukaenda nyumbani tukijisifu. Asubuhi tulikuta nyuki, siafu na tumbili wa bonde zima wakiwa kwenye karamu, na tumbili walikuwa wamebandua hata vipande vya mbao kulamba chini yake. Tulikaa wiki nzima tukiosha. Mwishowe tulipata mikanda mikuukuu ya mitambo, ile ya mpira inayobeba miwa kiwandani. Tukaikata vipande na kuipigilia juu ya mbao. Hiyo ndiyo mnayoikanyaga mpaka leo. Mpira mzuri haufi.

Njia ilipofika mtoni, Sista alitaka watu wake washuke kila mmoja na msukumaji wake. Amukoya alikataa. Nilikuwa karibu, nikasikia. Alimwambia kwa heshima, lakini bila kucheka.

"Sista, mimi nasukumwa kwenda chooni. Nasukumwa kwenda kanisani. Beatrice akija Jumapili ananisukuma kwenda kivulini. Nataka mahali pamoja tu ambapo sisukumwi."

Beatrice ni mke wake. Sista alimtazama kwa muda, akatazama mabega yake, akasema sawa, jaribu. Akashuka peke yake, mikono kwenye magurudumu, na sisi tukajifanya tuna kazi karibu karibu ili tumwone. Alifika kwenye mikindu, akapita chini ya mkuyu mkubwa, akafika jukwaa la mtoni. Alikaa pale mpaka jua likawa la kichwa. Aliporudi alitupita tu akapanda kwao. Lakini kesho yake alikuja tena, na kesho yake tena. Alijua mbega wanalala mti gani na kulukulu anapita saa ngapi na mabawa yake mekundu. Sijawahi kumwona mtu anayelipenda bonde lile kama yeye, na mimi nililipwa kulipenda.

Hapo ndipo akina mama walipoingia. Njia tuliijenga kwa watu wasio na miguu, lakini miguu haikuambiwa. Ng'ambo ya mto kuna vijiji, na kuna daraja la miti la kuvukia. Zamani mama akitaka kwenda sokoni alizunguka bonde lote kwa sababu ya matope. Sasa akaona mbao kavu, imenyooka, haina nyoka. Wakaanza kupita na kuni, na mboga, na kuku. Sikuwakataza. Nani angewakataza? Mmoja wao alikuwa mke wangu.

Mwingine alikuwa Mama Selifa, mama mzazi wa Beatrice. Maana yake ni mama mkwe wa Amukoya.

Kwa anayesoma kutoka mbali nieleze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hawali meza moja. Hawasemeshani uso kwa uso, na hawapitani bega kwa bega. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia kando, kwenye majani, anageuza mgongo mpaka mama apite. Wala huo sio uadui. Ni heshima, tena heshima ambayo haikuandikwa popote, ndiyo maana haina mwanya wa kutorokea. Mimi mwenyewe nimewahi kuingia shambani mwa mtu na suti ya harusi.

Sasa mfikirie ile njia yetu. Upana wake ni kiti kimoja na nafasi kidogo ya viwiko. Kulia matope, kushoto matope. Tulikuwa wanaume saba tulioijenga, na wote saba tulikuwa wakwe wa watu. Tulifikiria maji, tukafikiria mchwa, mpaka tumbili tukawafikiria. Mkwe hatukumfikiria.

Ilikuwa baada ya mvua kubwa, maji yamejaa chini ya mbao. Nilikuwa na wenzangu wawili tukikata tawi lililoanguka karibu na mtoni. Tukasikia sauti ya mwanamke ikiita, wanaume, wanaume wa msitu. Haikuwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Tulikimbia. Pale kwenye kona ya mkuyu tulimkuta Mama Selifa amesimama, mzigo wa kuni uko chini kwenye mbao, yeye ametupa mgongo upande wa maji na anaita akiutazama ule mkuyu, kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Nyuma yake, ndani ya matope, Amukoya alikuwa ameshika mkindu kwa mikono miwili, maji yakiwa kifuani. Kiti kimezama, limebaki gurudumu moja nje.

Waliibukiana kwenye kona. Mama alikuwa na mzigo kichwani, hangeweza kugeuka haraka. Amukoya hakuwa na nafasi ya kugeuza kiti. Akafanya ambalo mwanamume anafanya. Aliingia kando.

Na mama hakuweza kumtoa. Mikono alikuwa nayo, na nguvu alikuwa nazo, yule mama alikuwa akibeba kuni za kuchemsha pombe ya matanga. Lakini kumshika mkwe wake, amelowa, nguo zimemganda mwilini, hapana. Akaona heri apasue koo.

"Yuko hai?" akauuliza mkuyu tulipofika.

"Yuko, mama," nikasema.

"Basi mtoeni."

Tulimtoa, tukamfunika makoti. Mama Selifa alijitwika kuni zake bila kutazama nyuma, akaenda. Amukoya alikuwa akitetemeka meno. Neno la kwanza alilotuambia lilikuwa, "Mseme tairi liliteleza."

Tukasema tairi liliteleza. Tungesemaje? Kumtaja mama mkwe wa mtu kwenye maneno ya namna hiyo, mbele ya Sista, ni kumvua Amukoya nguo mara ya pili. Sista Benedeta alisikiliza, akashuka mwenyewe kutazama, akaona mbao haina kosa, mpira hauna kosa, gurudumu halina kosa. Kilichobaki kuwa na kosa ni mtu. Akatoa amri: hakuna kushuka bondeni bila msukumaji. Wala sikumlaumu. Mtu wake nusura afe, na watu wote tumeshikilia uongo mmoja kama wanakwaya.

Wengine walishuka na wasukumaji wao, wakafurahi. Amukoya hakushuka. Sista alimpa mtu, akamkataa. Akampa mwingine, akasema ana viatu vya kushona. Akawa anakaa verandani, uso ameuelekeza ukutani, anashona. Mimi nilipanda kila siku kuchukua maji pale kwa Masista na kila siku nilimkuta hivyo. Nilimwambia kulukulu wameangua. Akasema vizuri. Nilimwambia mbega mmoja amezaa mtoto mweupe pe. Akasema hivyo ndivyo wanavyozaliwa. Na alikuwa anajua, kwa sababu mimi nilijifunza hilo kwake.

Wakati huohuo mbao zetu zikapata wachumba. Miwa ilikuwa imefika mpaka kwenye ukingo wa msitu, na watu wa mashamba walitaka mbao za kuvushia matrekta kwenye mitaro. Walimwuliza Bwana Misitu kuna faida gani njia inayopitwa na akina mama wa kuni. Yeye akaniuliza mimi. Nikamwambia nitamjibu. Nilichokuwa nacho ni uongo wangu wa tairi.

Aliyemaliza mambo ni Mama Selifa. Alikuja kwa Masista asubuhi moja, akasimama nje ya ua wa michongoma, kuku wa kienyeji kwapani, ile ingokho ya kumpa mgeni wa heshima. Amukoya alikuwa verandani. Mimi nilikuwa katikati na ndoo yangu. Yeye alitazama barabara, Amukoya alitazama ukuta, na wote wawili wakaanza kuzungumza na mimi.

"Shimenga," mama akaniita, "huyo mtu yuko hapo?"

"Yuko, mama."

"Mwambie nimesikia anakaa tu hapo kama gunia la mahindi."

Sikuwa na haja ya kumwambia, umbali ulikuwa wa kurusha kofia. Amukoya aliweka kiatu chini. "Mwambie mama nimesikia."

"Mwambie wanasema hajui kuendesha. Mwambie mimi najua aliingia huko kwa ajili ya nani. Sasa naingia kwa huyo Sista nimweleze."

"Mwambie mama asiende," Amukoya akasema upesi. "Mwambie ni aibu."

Mama Selifa akamhamisha kuku kwapa la pili.

"Muulize aibu gani. Ya mtu kumheshimu mama ya bibi yake? Binti yangu alinipatia mkwe anayeweza kuingia kwa maji bila miguu ili mimi nipite. Wa wenzangu wana miguu na wananipiga bega sokoni wakiwa wamelewa. Muulize mimi nifiche hiyo kwa nini."

Niliangalia ndoo yangu. Amukoya alikiokota kile kiatu, akakifuta vumbi. Halafu akaniambia, sauti imeshuka, "Mwambie mama aende."

Akaenda, na mimi nikafuata, kwa sababu alitaka shahidi. Alimweleza Sista yote akiwa amesimama, akamkabidhi kuku. Nilikuwa nimejiandaa kueleza desturi zetu polepole, kama unavyomweleza mgeni. Sista Benedeta hakunipa nafasi.

"Kwetu Ukambani ni hivyohivyo," akasema. "Kaka yangu aliruka mtaro na baiskeli kwa sababu ya mkwe, akavunja mkono. Kwa nini hamkuniambia?"

Nikamwambia tulidhani hataelewa.

"Mlidhani Masista tunazaliwa kanisani," akasema. Halafu akaniuliza, "Mtu mwenye miguu anafanyaje akikutana naye?"

"Anaingia kando."

"Basi mtengenezeeni kando."

Ndilo jina hilo. Sasa mnalijua.

Nilipata mbao kwa Bwana Misitu kwa kumwambia ukweli. Yeye pia alikuwa na mkwe, hakuuliza swali la pili. Kando ya kwanza tuliijenga palepale kwenye kona ya mkuyu. Tulitoa nguzo nne nje ya njia, tukapiga mbao, tukaweka gogo pembeni ili gurudumu lisivuke. Nikamwita Amukoya. Siku hiyo alikubali kusukumwa mpaka pale, ili aijaribu. Akaingia, kiti kikakaa vizuri, hakigusi njia. Nikasema tumemaliza.

"Hapana," akasema. "Nimekaa natazama njia. Mama akipita namwona uso. Hii ni ya kumsalimia mkwe. Haiwezi kumpisha."

Tuling'oa tena. Mara ya pili tuliipa upana wa kiti kuzunguka kizima, mtu aingie, ageuke, atupe mgongo njiani na uso msituni. Kwa hiyo mkijenga nyingine msipime kiti kikiwa kimesimama. Pimeni kikiwa kinageuka. Sheria ya pili: ukiwa kwenye kando moja lazima uione inayofuata. Ndiyo sababu nilikuwa nikiwapigia kelele mkiacha kamba za msituni zining'inie kwenye kona. Mlidhani ni uzee. Mtu mwenye miguu akiibukiwa anaruka. Mwenye magurudumu anahitaji habari mapema.

Sista alikuja kusimamia jaribio lenyewe, siku ya soko. Amukoya alikuwa kwenye njia peke yake, sisi tuko mbali kidogo. Mama Selifa akatokea upande wa daraja na kuni zake. Amukoya alimwona akiwa bado mbali, akaingia kando, akazungusha kiti, akaukabili mkuyu. Mama akapita. Mbao zikalia moja baada ya nyingine chini ya miguu yake. Hakupunguza mwendo wala hakuongeza. Alipotufikia sisi ndipo alipofungua mdomo.

"Shimenga, mbao zako zinapiga kelele."

Sista aligeuka akapanda mlima, na kutoka siku hiyo Amukoya hakusukumwa tena bondeni. Wachumba wa mbao walikwenda kutafuta kwingine.

Tulijenga kando nyingine mpaka mtoni. Wazungu na watu wa Nairobi waliokuja baadaye walizisifu, wakaandika kuwa ni za kupumzikia na kutazama ndege. Sikuwabishia. Ndege wanaonekana vizuri zaidi ukiwa umempa mkwe wako mgongo.

Miaka ikaenda. Miwa ikapungua sifa. Yule jirani yangu wa miwa mlangoni aliing'oa akapanda mahindi, mke wake akaanza kuingia nyumbani akiwa amenyooka. Nguzo tulibadilisha zote, mbao tulibadilisha nusu. Mto ulipanda mara mbili mpaka kwenye alama ya Mzee Ambani, haukuvuka ile shibiri.

Nimalizie na jambo la mwaka wangu wa mwisho kazini. Mama Selifa alipooza upande mmoja. Uzee ulimpiga asubuhi akiwa shambani. Masista wakampa kiti cha magurudumu, na Beatrice akawa anamsukuma kumpeleka kwenye mazoezi, kwa kupitia bondeni, kwani njia nyingine ya kiti haikuwepo. Nilikuwa nafyeka pembeni ya ule mkuyu nilipowaona wanatoka upande wa daraja. Upande wa pili Amukoya alikuwa anakuja, nywele zake nyeupe sasa, mabega yaleyale. Alimwona mama mkwe wake kabla hajafika kona, kwa sababu kona niliifyeka mimi. Akaingia kando. Akazungusha kiti, akaukabili mkuyu.

Beatrice alikuwa anaendelea kusukuma. Mama yake akainua ule mkono mzima.

"Simama hapo," akasema. "Rudi nyuma. Niache."

"Mama, utaweza?"

"Nimesema rudi."

Beatrice akarudi nyuma hatua kadhaa. Mama Selifa akashika gurudumu kwa mkono mmoja. Kiti cha mkono mmoja hakiendi mbele, kinazunguka. Aliliona hilo, akashusha mguu wake mzima kwenye mbao, akawa anavuta kwa mguu na kusukuma kwa mkono, kidogo kidogo, kiti kikipinda na kunyooka. Mpira wa kiwandani ulimshika, hakuteleza. Alichukua muda mrefu kuipita ile kando. Amukoya hakugeuza kichwa. Beatrice alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. Mimi nami niligeukia majani, maana hata kama sio mkwe wangu, kuna mambo mtu anapaswa kumpisha mwenzake.

Nilisikia mbao zikilia, moja, halafu nyingine, mpaka sauti ikafika upande wa mlima.

"Shimenga," akaniita, pumzi imemwishia. "Mwambie huyo mtu nimepita."

"Mwambie mama nimesikia," Amukoya akasema.

Akageuza kiti, akateremka mtoni.